Majina ya Kuazima

Juzi mlipokuja kunijulia hali hapa Rusimbi, na sukari yenu na maswali yenu, niliwajibu vibaya. Maharage yalikuwa yanaungua na akili yangu ilikuwa jikoni. Mmoja wenu aliniuliza: Dada Leo, unajuaje waraka utafutwe kwa neno gani? Nikasema, utajua tu. Hilo si jibu la mtu aliyestaafu kazi hiyohiyo. Basi nimekaa niwaandikie, polepole, maana macho nayo yamestaafu.

Mambo ya kompyuta sitawafundisha. Ninyi mmekua nazo mkononi. Mimi niliikuta nikiwa mtu mzima, utosi umeshapata kipara cha kubebea ndoo. Nitawaeleza habari ya benchi.

Benchi ni lile la nje ya ofisi yetu ya hati, chini ya dirisha. Watu hukaa pale wakisubiri kuulizia ndugu zao waliopotelea ziwani. Kabla hamjaunda faharasa yoyote, kabla hamjaamua waraka upewe sehemu ngapi na kila sehemu iitweje, nendeni mkakae pale na watu, msikilize wanavyoulizana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna anayesema anatafuta taarifa ya maziko ya mtu mzima wa kiume. Mmoja atasema, wangu alikuwa na kovu kisiginoni, alikanyaga jembe. Mwingine atasema, wangu jino la mbele lilimeguka alipokuwa anafungua chupa ya soda, tukamcheka, na yeye akacheka. Hayo ndiyo maneno ya kutafutia. Ukiyakosa hayo kwenye faharasa yako, una kabati zuri lisilo na mlango.

Mnajua karatasi zenyewe zilivyo, lakini nitazieleza kwa ajili ya yule aliyeingia kazini wiki hii. Ziwa likirudisha maiti kwenye mwalo wowote, pale boti zinapoegeshwa, kijiji hakiwezi kumweka. Joto halikubali, na mjini ni mbali, kwa hiyo anazikwa palepale. Mtendaji wa kijiji anaandika taarifa: nani alimwona, alivaa nini, ana alama gani, nani alichimba, amezikwa wapi. Karatasi hizo zilikaa miaka kwenye ofisi za vijiji, kwenye zahanati na vituo vya polisi, nyingine ndani ya magunia ya mchele. Kazi yetu ilikuwa kuzikusanya, kuzipitisha kwenye skana, kisha kuzipangia faharasa ili mtu akija na swali lake moja aweze kupata karatasi yake moja kati ya lundo lile.

Aliyenifundisha kufikiri ni Mzee Gervasi. Alikuwa amestaafu masijala ya mahakama, akilima mihogo yake Kidahwe, na ofisi ikamwomba aje atusaidie siku chache. Alikuja na basi la asubuhi, akasalimia mwakeye, salamu ya asubuhi ya Kiha, kwa kila mtu, na kwa kabati pia. Siku ya kwanza alituuliza swali. Ng'ombe wa Bwana A ameingia shambani kwa Bibi B, amekula mihogo. Faili la kesi utaliweka chini ya nini? Mmoja akasema chini ya ng'ombe. Mwingine akasema chini ya Bwana A, ndiye mshitakiwa. Mimi nikasema chini ya mihogo, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Liweke chini ya yule atakayekuja analia."

Hilo ndilo somo lote la faharasa. Vitabu vyenu vitawaeleza kwa kurasa nyingi, na vitawaeleza vizuri, lakini hakikisheni mwishoni mmefika hapo.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Baba alitangulia kwa homa, mama akafuata kwa kipindupindu, nikabaki na wadogo zangu watatu. Wawili walikuwa pacha, Bukuru na Butoyi, na wa mwisho ni Kiza. Kwetu Kiza ni jina la anayezaliwa baada ya pacha. Halichaguliwi, linamkuta pale. Niliuza mihogo ya kuchemsha, nikafagia chumba cha kuchapia barua pale Mwanga, na kwa kufagia nikajifunza kuchapa, kwa sababu mwenye duka alipenda kwenda kunywa chai. Kila nguo ya wadogo zangu niliishona mwenyewe kwa mkono, na kila suruali niliiwekea mfuko wa ndani, kiunoni, kwa uzi wa wavu wa samaki. Uzi wa cherehani hukatika. Uzi wa wavu hautakatika mpaka nguo yenyewe iishe.

Kiza alipokua akawa mchuuzi wa sabuni na mafuta ya mawese kwenye vijiji vya ufukweni. Siku moja aliaga kwamba anapanda boti Kibirizi kwenda kaskazini. Hakufika alikokuwa anakwenda, na hakurudi. Niliifuata pwani ya kaskazini mwalo kwa mwalo, nikiuliza, mpaka nauli na miguu vikakoma pamoja. Hakuna aliyemwona. Ofisi ilipotangaza inatafuta mtu wa kuchapa na kupanga hati za waliookotwa ziwani, niliomba. Waliniuliza kwa nini naitaka kazi hiyo. Nikasema najua kuchapa.

Sasa niwape mambo ya mikono, kabla sijasahau.

Karatasi ya ufukweni hufika na unyevu, magamba ya dagaa na pini zilizoshika kutu. Usiivute. Ilaze kati ya magazeti, weka kitu kizito juu, iache. Wa kwanza kati yetu aliyekosa subira aliipiga pasi ya mkaa, na mpaka leo kuna marehemu ambaye tunajua alivaa shati, ila rangi ya shati ilibaki kwenye pasi.

Andika namba kwa penseli kwenye kona kabla karatasi haijaingia kwenye skana. Ukiahirisha, mashine itazipa karatasi majina yake yenyewe, na utakuwa na mafaili elfu yanayoitwa kitu kimoja kama watoto wa mtaa mmoja.

Kila asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza kuinuka benchini, tafuta kitu ambacho unajua kwa hakika kimo. Usipokipata, usithubutu kumwambia mtu kwamba chake hakimo. Mashine ikisema hakuna, ina maana hakuna katika zile ilizopewa. Yenyewe haijui habari ya zile ambazo haikupewa. Nilikuwa nikilisema hilo kwa kila mgeni wa ofisi, na niliendelea kulisema katika miaka ileile nitakayowasimulia.

Fundi wetu wa mitambo alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, Edgar, mpole na mwenye bidii, asiyekula migebuka kwa sababu ya miiba, jambo tulilomsamehe taratibu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba programu tuliyopewa ilizoea lugha ambazo neno hubadilika mkiani. Maneno yetu hubadilika kichwani. Ukitafuta alizikwa, ilileta alizikwa tu. Tulimzika, wamemzika, kuzikwa, maziko, yote iliyapita kama haijuani nayo. Edgar akaifundisha kukata vichwa vya maneno. Mwanzoni ilikata kwa pupa: ukitafuta Kigoma inakuletea wafanyakazi waliogoma. Alikaa nayo mpaka ikatulia. Bila kijana yule tungekuwa na picha za karatasi tu, na picha ya karatasi haimjibu mtu.

Tulikwama kwenye majina.

Fikirini: taarifa ya mtu asiyejulikana imejaa majina, na hakuna hata moja lililo lake. Kuna la aliyemwona, la aliyechimba, la mwenyekiti, la mtendaji. Mwanzoni tuliyaacha yote yatafutwe pamoja. Akaja mama mmoja wa Ujiji, akataja jina la mwanawe Shabani na la baba yake na la babu yake. Edgar akaandika, na mashine ikaleta waraka, majina yote matatu, yamenyooka. Mama akashika meza. Edgar akausoma waraka mpaka chini, kisha akanitazama mimi nimwambie, kwa sababu yeye hakuweza. Shabani alikuwa mchimba kaburi. Alikuwa amepita kwenye mwalo ule na biashara zake, akakuta watu wanazika, akashika jembe. Hiyo ilikuwa kabla yeye mwenyewe hajapotea.

Mama yule akaomba kopi, tukampa. Aliikunja akaiweka kifuani, akasema walau kuna mtu mwanangu alimfunika.

Baada ya hapo tuliyatenganisha. Tukaunda sehemu ya jina la marehemu, ya jina la aliyemwona, ya aliyechimba, ya aliyeandika. Ikawa nzuri. Ndipo ofisi ikafanya kikao cha kusafisha, kwa sababu lundo kubwa lina makosa mengi, na kila aliyefanya kazi hii anajua kwamba lazima kuwe na kanuni za kutenga makosa. Kanuni moja ilisema hivi: kama jina la marehemu na jina la aliyemwona ni moja, mwandishi amechanganya, waraka uwekwe kando, urekebishwe baadaye. Ilikuwa kanuni ya akili. Mtu hawezi kujiokota. Sote tuliinua mikono. Edgar akaiandika, mashine ikaitekeleza, na karatasi hizo zikaenda kwenye folda yake nje ya faharasa.

Hati za vijiji vya kusini hazikupita mikononi mwangu. Kikundi kingine kilikwenda huko na skana yake kwa boti, kikarudi na picha tu, kikazichapa chenyewe. Kwa hiyo sikuzisoma.

Kila Ijumaa, watu wakishaondoka, nilikuwa nikiketi mbele ya mashine na kuandika neno moja: mfuko. Sikuandika Kiza, kwa maana nani angejua kwamba ni Kiza? Niliandika kile ambacho mtu anayemwosha maiti angekiona. Mashine iliniletea mifuko ya shati, mifuko ya plastiki, mfuko wa saruji uliomfunika mtu. Wa ndani, ulioshonwa kwa mkono, haukuja. Nilizima mashine, nikaenda nyumbani kupika. Bukuru na Butoyi walikuwa wameshaoa, lakini Ijumaa walikuja kula kwangu. Hawakuuliza. Waliutazama uso wangu nikiingia mlangoni, kisha wakanawa mikono.

Halafu akaja Bibi Mwamvita.

Siku hiyo nilikuwa benchini kama kawaida yangu. Pembeni yangu alikaa ajuza mwenye asili ya Kongo, viatu mkononi, amefika na boti kutoka kijiji kimoja cha kusini ambacho sitakitaja. Alimgeukia jirani yake akamuuliza, "Na wewe uliazima?" Jirani hakuelewa. Mimi pia sikuelewa. Zamu yake ilipofika nikaingia naye.

Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Nimekuja kuchukua jina langu."

Edgar akamweleza kwa adabu kwamba vitambulisho vinatolewa ofisi nyingine, na akaanza kumwelekeza njia.

"Kitambulisho ninacho," Bibi akasema. "Picha yake imenifanya kama mwizi wa kuku, lakini ninacho. Nataka jina."

Tukampa kiti, akatueleza. Kijijini kwao hawamfukii mtu bila jina. Wanasema asiye na jina atazunguka nyumba za watu akiliomba. Kwa hiyo aliyemgusa wa kwanza, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, humwazima la kwake. Anasimama kaburini anamwambia: wewe ni fulani, mpaka wenyewe waje. Toka hapo kaburi lile ni lake kulifagia. Wenyewe wakija wanasema jina la kweli, na jina lililoazimwa linarudi kwa mwenyewe. Vijiji jirani navyo vilishaiga. Mtendaji naye, akiandika taarifa, huandika jina ambalo kijiji kizima kinaliita kaburi lile.

Yeye alimwokota mwanamke, miaka mingi iliyopita, akiwa anateka maji. Alimwazima jina, na wenyewe hawajaja.

"Sasa mimi ni mzee," akasema. "Nikifa hajarudisha, tutakuwa Mwamvita wawili chini. Siku ya kuitwa, akiitwa Mwamvita, ataitika nani?"

Hakuna aliyecheka. Edgar akaandika jina lake, mashine ikasema hakuna.

"Itazame tena. Mtendaji aliandika mbele yangu."

Akaitazama tena. Hakuna. Bibi akainama akaigonga mashine kwa kidole, kama mtu anayegonga mlango wa jirani asiyeitika. Edgar akaondoa mikono kwenye mashine. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada Leo, kuna ile folda."

"Folda gani?"

"Ya waandishi waliochanganya."

Aliifungua. Sitawaambia zilikuwa ngapi. Tulizipitisha kwa macho moja baada ya nyingine, tukisoma majina tu, Bibi akiwa ameketi nyuma yetu akinywa chai, na kila waraka ulikuwa hivyohivyo: marehemu Saidi, aliyemwona Saidi, marehemu Tabu, aliyemwona Tabu. Ndani yao alikuwamo Mwamvita. Mwandiko ulikuwa safi, wa watu waliojua vizuri wanachoandika. Katika lundo lote la ziwa zima, hawa ndio waliotunzwa kuliko wote, na sisi tulikuwa tumewafungia nje.

Edgar alianza kuziingiza kwenye faharasa siku hiyohiyo. Tukaongeza sehemu mpya, jina la kuazima. Ile mnayoiona leo mkidhani imekuwapo tangu mwanzo, ilizaliwa kwa chai ya Bibi Mwamvita.

Mnaweza kudhani nilikimbilia mashine kuandika neno langu. Sikukimbia. Nilisubiri mpaka Ijumaa. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda nilitaka kubaki, kwa siku chache zaidi, dada wa mtu aliyesafiri.

Ijumaa nikaandika mfuko, na waraka wake ukawa wa kwanza. Mwanamume kijana, suruali ya kaki, ndani ya kiuno mfuko ulioshonwa kwa mkono kwa uzi wa wavu. Marehemu Elia, aliyemwona Elia. Kijiji ni cha kusini, mbali na njia aliyoaga. Alipanda boti gani, aligeuza safari au ziwa lilimpeleka lenyewe, hilo hakuna karatasi inayolijua, na nimeacha kuuliza.

Nilipofika nyumbani Bukuru na Butoyi walinitazama usoni, na safari hii hawakunawa mikono.

Tulikwenda watatu. Elia tulimkuta anashona wavu, mtu wa makamo, mpana, mwenye kigugumizi kidogo. Tulipotaja tulichokuja nacho aliweka sindano chini, akasimama, akatusalimia kwa mikono yote miwili, mmoja mmoja. Kisha akatutangulia kuelekea ziwani, amebeba kafi begani. Nilidhani kaburi liko ng'ambo ya ghuba. Tulifika ukingoni, akasimama, akanyoosha kafi kuonyesha majini.

Mnakumbuka maji ya ziwa yalivyopanda. Hapa mjini yaliingia kwenye nyumba na maghala, tukayaona. Kule yalipanda yakachukua michikichi ya ufukweni, na makaburi yaliyokuwa chini ya michikichi. Miti ilikuwa imesimama ndani ya maji imekauka, bila hata tawi moja bichi.

Elia akasema ni mbele ya ule uliopinda. Alikuwa akilifagia kila Jumamosi, akalipandia maua ya njano. Maji yalipoanza kusogea alikwenda kwa wazee kuomba amhamishie juu.

"Wakanikatalia," akasema. "Walisema mwenye jina la kuazima hahamishwi ila na wenyewe. Nikangoja. Nilikuwa nakuja kila asubuhi kuangalia boti kama mmo."

Butoyi aliketi kwenye mawe, akajifunika uso kwa kofia.

Nilitaka kumwambia Elia kwamba tulikuwepo. Kwamba waraka wake ulikuwa kwenye chumba changu, ndani ya mashine, hatua chache kutoka kwenye kiti changu, maji yakiwa bado hayajafika kwenye mchikichi wa kwanza. Sikusema. Angeelewaje, na ingemsaidia nini? Kiza alizama mara mbili, na mara ya pili nilikuwa karibu.

"Mngekuja kabla ya maji ningewapa kaburi," Elia akasema. "Sasa nawapa jina tu. Ingia useme, dada. Wewe ndiye mkubwa."

Niliingia na nguo zangu. Maji yalikuwa ya baridi na safi, na chini mchanga. Nilipofika mbele ya mchikichi uliopinda, yalikuwa yamenifika kiunoni, pale ninaposhonea mifuko. Nikasema, huyu si Elia. Huyu ni Kiza, aliyewafuata pacha, mdogo wangu. Wenyewe wamekuja.

Ukingoni Elia akajibu kwa sauti, bila kigugumizi, kwamba amepokea jina lake. Kisha akaingia majini akanishika mkono nisiteleze kwenye mizizi.

Niliporudi ofisini Edgar alifungua waraka ili aujaze. Jina la marehemu, nikamtajia. Jina la kuazima, Elia, nikamwambia aliache, lisifutwe kamwe. Alipofika kwenye mahali alipozikwa aliinua vidole akangoja. Nikamwambia aandike: majini, mbele ya mchikichi uliopinda. Akaandika. Nendeni mkatafute neno mchikichi, litawaletea.

Sasa mnaelewa kwa nini utajua tu si jibu. Hutajua. Utadhani kosa ni kosa, kumbe ni desturi ya watu ambao hukuwauliza. Zikiwapo folda za kuweka kando, wekeni siku ya kuzifungua, na yule anayezifungua awe ametoka benchini.

Bibi Mwamvita yu hai. Hasikii vizuri tena, na kila boti ikija kutoka kusini huniletea salamu zake, ambazo si salamu, ni swali. Wenyewe wa yule mwanamke hawajaja. Nilikuwa namtafutia kila Ijumaa, baada ya kumaliza ya kwangu, na sasa Ijumaa hizo ni zenu. Huyo aliyeokotwa alikuwa mwanamke wa makamo. Kichwani alifungwa kitambaa cha kijani, shingoni shanga moja ya buluu kwenye uzi, na mguu wa kushoto hauna kidole kidogo, kidonda kilipona zamani. Akija mtu benchini akataja kidole hicho, inukeni saa hiyohiyo, msimwambie asubiri zamu. Kaburi lile liko juu kidogo, na maji hayajafika.